Kazi Imeisha, Laptopu Nayo Imeganda: Njoo Tuongee, Mdogo Wangu

Mdogo wangu, leo sina habari za mawifi wala za wachumba wasiojibu simu. Vuta kigoda ukae, maana kuna jambo limekuwa likinikaba rohoni na lazima nilitoe.

Januari 2025 Marekani ilitangaza kusimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90. Siku 90 zikapita, na ilipofika Julai Mosi shirika lake la misaada, USAID, lililolipia miradi yenu, likafunga kazi zake kabisa. Tangu wakati huo mambo mnayonieleza yamebadilika. Sasa anayeniandikia ni karani wa takwimu aliyekuwa akiingiza taarifa za wagonjwa kwenye kliniki. Ni mhudumu wa jamii aliyezoea kupanda pikipiki kwenda vijijini, Ilangu na Bulamata. Ni dereva, ni afisa ufuatiliaji, ni binti wa stoo ya dawa. Wote mnasema lile lile kwa maneno tofauti: dada, mradi umefungwa, nimerudi nyumbani Mishamo, huku Katavi, nimebaki na laptopu, na yenyewe imeganda. Wengine mkiniandikia habari ya laptopu nahisi machozi yameloanisha karatasi, ingawa mnajifanya mnauliza tu bei ya betri.

Kwanza nikuambie hili na ulishike. Hukufukuzwa kwa uvivu wala kwa wizi. Aliyetia saini ile amri yuko Washington, hakujui, hajui kama ulikuwa unafika kituoni saa moja kabla ya muuguzi. Hivyo ondoa hiyo aibu unayotembea nayo. Naiona. Unapita njia ya nyuma ya nyumba ili usikutane na mama anayeuza dagaa, kwa sababu atakuuliza, "Mwanangu, likizo ndefu hii?" Unamwambia unafanyia kazi nyumbani. Mdogo wangu, mficha uchi hazai. Kijijini kwetu watu walijua habari zako kabla hujashuka kwenye gari, na wengi wao wanakuonea huruma, wanasubiri tu wewe ufungue mdomo.

Halafu wewe ni mtoto wa Mishamo, na mtoto wa Mishamo hana sababu ya kudhani kwamba kuanza upya ni fedheha. Nenda kakae na wazee wako jioni moja uwaulize. Walikimbia Burundi mwaka 1972 bila kitu. Wengi walipelekwa Ulyankulu kule Tabora, wakafyeka, wakajenga, wakalima, kisha kuanzia mwaka 1978 wakaambiwa watu wamezidi na maji hayatoshi, pandeni malori. Wakashushwa hapa, kwenye pori la miyombo lenye mbung'o, kila kaya ikaonyeshwa eneo lake likiwa bado ni miti mitupu. Walianza tena. Ilipofika 1985 makazi haya yalikabidhiwa kwa serikali, kwa kuwa watu walikuwa wanajilisha wenyewe na mahindi yanabaki ya kuuza. Baadaye zaidi ya watu 162,000 wa makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo walikubaliwa uraia wa Tanzania, na vyeti vyenyewe wakavisubiri mpaka vilipoanza kugawiwa mwaka 2014. Hao ndio waliokulea. Usifikiri ukiwaambia mradi umefungwa watakushangaa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na wao walivunjikiwa na koleo mara mbili.

Sasa tuje kwenye hiyo laptopu, maana ndiyo hasa niliyokuitia.

Mnapofika nyumbani, wiki ya kwanza mnasema mnapumzika. Sawa, pumzika, mwili una haki yake. Wiki ya pili mnaangalia muvi zilizojazwa kwenye flashi. Wiki ya tatu mnalala saa nane usiku na kuamka saa tano mchana, mama ameshatoka shambani, chai imepoa, na wewe unatoka na macho mekundu kama mtu aliyekesha msibani. Mama hasemi kitu. Anakufunikia ugali. Kule kukufunikia ugali bila neno kunauma kuliko matusi, najua, na ndiyo maana unarudi chumbani upesi na kufungua kioo tena. Kile kioo kimekuwa mlango unaojifungia.

Jambo hili si la kwetu peke yetu wala si la vijana wa leo. Nchini Austria kulikuwa na kijiji kiitwacho Marienthal, karibu watu wake wote wakitegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kikafungwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 watafiti, mmojawapo binti aliyeitwa Marie Jahoda, wakaenda kuishi nao na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1933. Unajua waliona nini? Watu waliopata muda mwingi kuliko wakati wowote maishani mwao waliacha hata kusoma. Vitabu vilivyoazimwa maktaba ya kijiji vilipungua karibu nusu, na hapakuwa na ada ya kuazima. Wanaume walikuwa wakitembea polepole barabarani, wakisimama simama, na wakiulizwa siku yao imepitaje hawakumbuki walichofanya. Wanawake hawakupotea hivyo, kwa sababu bado kulikuwa na kupika, kufua na kushona, na siku yao ilikuwa na vishikizo. Soma hapo tena. Muda mtupu haukuwapumzisha wale watu, uliwala. Kwa hiyo usijione una kasoro ya pekee. Binadamu akiondolewa saa ya kuamka na mtu wa kumsubiri, hulegea. Dawa ni kujiwekea saa nyingine na mtu mwingine wa kukusubiri, na hilo tutalifikia.

Kabla ya hapo, niache nishughulike na mashine, maana nimeona mnavyoteseka kwa mambo yenye majibu.

Laptopu ikikataa kuwaka, msiomboleze kwanza. Chomoa chaji, na kama betri yake inatoka, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwasha ukishikilie kwa nusu dakika, kisha rudishia chaji peke yake ujaribu. Nyingi huamka hapo. Ikikataa kabisa, kumbuka kwamba mashine kufa si diski kufa. Vyeti vyako, wasifu wako, picha za mahafali, vyote vimo kwenye diski, na diski hutolewa ikasomwa kwenye mashine nyingine. Watu wamelipia "kupiga window" upya, fundi akafuta kila kitu kwa nia njema, na mwenye mali analia baada ya kulipa. Kabla fundi hajagusa, mwambie kwa kinywa chako: mafaili yangu kwanza, window baadaye. Mwambie mara mbili. Kama hataki kukusikiliza, beba kilicho chako uondoke.

Flashi ikija kutoka steshenari na folda zako zote zimegeuka kuwa vijialama vya mshale, au inaonekana tupu wakati inasema imejaa, hicho ni kirusi cha siku nyingi sana. Vitu vyako havijapotea, vimefichwa tu. Usikubali kuiformati. Mtu anayejua atavifichua kwa amri moja, kisha atasafisha flashi. Na ile tabia ya kuchomeka flashi kwenye kila mashine iliyo mbele yako uiache. Ukitaka kuprinti, tuma kwa imeili, ukafungulie palepale, kisha utoke kwenye akaunti yako. Mnasahau kutoka! Mnamwachia kijana wa steshenari imeili yenye namba ya NIDA na vyeti vyote, halafu mnashangaa mtu kuomba mkopo kwa jina lenu.

Umeme wetu mnaujua. Wenye umeme wa Tanesco, unakatika na kurudi kwa kishindo, na kishindo cha kurudi ndicho kinachoua chaji na bodi. Ukikatika, chomoa. Usisubiri. Masika yakianza, kuanzia Novemba mpaka Aprili, ukisikia ngurumo hata ya mbali chomoa tena, kwa sababu radi za Katavi hazina salamu. Wenye sola, msiunganishe laptopu na vifaa vya bei ya kutupa vinavyotoa umeme unaoyumba. Vumbi la kiangazi nalo huziba feni, mashine inapata joto, inazimika ghafla, nanyi mnadhani ni uchawi. Ipeleke ikafunguliwe na kupulizwa, na usiiweke juu ya godoro ikiwa inawaka. Betri ikivimba mpaka kava linainuka, iondoe siku hiyo hiyo. Hilo sibembelezi, betri iliyovimba inaweza kuwaka moto na kukuunguzia nyumba.

Na kuhusu uzee wa mashine: nyingi mlizonazo zina Windows 10, na Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake haizimiki, ila matundu yake ya usalama hayazibwi tena kama zamani. Kama mashine yako inaweza kubeba Windows 11, ihamishe. Kama haiwezi, iwekewe Linux Mint, ambayo ni ya bure na nyepesi, pamoja na LibreOffice ya kuandikia barua na kupigia hesabu. Utalalamika siku mbili tatu kwamba vitufe vimehama, halafu utazoea. Bora hiyo kuliko zile programu za kuvunja kufuli mnazopeana kwenye flashi, ambazo nyingi huja na mwizi ndani.

Kisha nunua daftari dogo. Andika humo maneno yako ya siri, uliweke mbali na laptopu. Vyeti vyote viskani, uvitunze kwenye flashi moja isiyozurura, kwenye imeili yako na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha chuo, na cheti cha uraia cha mzazi kama ni miongoni mwa waliopewa. Hicho cha mwisho nakisisitizia. Wazazi wetu wanakitunza ndani ya sanduku, kimefungwa nailoni, na moto au mchwa hauulizi. Waombe kwa heshima, ukiskani, ukirudishe palepale ulipokitoa.

Sasa sikia jambo ambalo nitalisema kwa ukali, na usinikasirikie.

Baadhi yenu mmerudi nyumbani na taarifa za wagonjwa. Mlikuwa mnaingiza data za kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU, ile CTC, na ili kazi iende mlibeba orodha kwenye flashi, mkapiga picha kadi kwa simu, mkahifadhi majedwali kwenye laptopu zenu binafsi. Kazi ikafungwa kwa haraka, hakuna aliyekuja kukabidhiwa, na hivyo vitu bado viko kwenu. Mdogo wangu, hayo ni majina ya watu wa hapa hapa. Ni baba wa rafiki yako, ni mwalimu wako wa darasa la tatu, ni binti anayetarajia kuolewa mwezi ujao. Siku mdogo wako wa mwisho atakapochukua laptopu kucheza gemu akakuta jedwali lenye jina la jirani na dawa anazotumia, utazuiaje maneno? Maneno ya namna hiyo yamevunja ndoa na kumfanya mtu aache dawa akafa. Hata sheria ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini mimi sikutishi na sheria. Nakuomba kwa ajili ya yule mtu aliyekuamini akakutajia jina lake kwa sauti ya chini. Nenda kwa mganga mfawidhi wa kituo, mweleze ulichonacho, mkabidhi, mfute mkiwa wawili. Na laptopu ya mradi usiseme "ni fidia yangu". Irudishe, upewe karatasi yenye saini. Cha mtu hakikai, na barua ya kukusifu utakayoihitaji kesho itaandikwa na yule yule uliyekaa na mali yake.

Ukishakabidhi vyao, dai vyako. Hapa mnanisikitisha kweli, kwa sababu mnajua kulalamika lakini hamjui kudai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema anayelipwa kwa mwezi apewe notisi isiyopungua siku 28, au alipwe badala yake. Siku za likizo ulizolimbikiza ni zako. Cheti cha utumishi ni chako. Ukifanya kazi mwaka mzima au zaidi na ukaachishwa si kwa kosa lako, kuna kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mpaka miaka 10. Kama mkataba wako ulikuwa wa muda maalumu na ukaisha wenyewe, hapo hesabu hubadilika, hivyo usome vizuri mkataba, usisomewe. Na kama unaona uliachishwa isivyo halali, unapeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Siku 30, mdogo wangu, na zinakwenda upesi wakati mtu anaangalia muvi.

Kuna na mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Mnadhani hela ile ni ya wazee. Lipo fao la kukosa ajira: mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, asiyeacha kazi mwenyewe, hulipwa theluthi ya mshahara wake kwa miezi 6. Kwa mtu wa Mishamo theluthi ya mshahara kwa miezi 6 ni mbegu, ni mbolea, ni sola. Nenda Mpanda ukaulize kwa mdomo wako, na barua ya kuachishwa mkononi. Usimtume mtu. Na usiandike barua ya kujiuzulu eti kwa sababu bosi amekuomba "ili mambo yawe rahisi". Rahisi kwa nani?

Ukipata hizo hela kidogo, hapo ndipo maadui watakapokuja, na wote watapitia kwenye hicho hicho kioo.

Wa kwanza ni mkeka. Mmeniambia mnabeti "kidogo tu, kupoteza mawazo". Mtu asiye na kipato anayebeti hapotezi mawazo, anapoteza chakula cha wadogo zake, na mkeka ukichanika usiku anaamka asubuhi na hasira kwa mama asiyemkosea.

Wa pili ni ajira za uongo. Meseji inakuja: hongera, umechaguliwa, tuma elfu thelathini za fomu na vipimo. Sekretarieti ya Ajira haitozi ada mtu anayeomba kazi kwenye Ajira Portal. Ukiombwa hela ili upate kazi, hiyo siyo kazi. Meseji kama hizo zipeleke kwenye namba 15040, na ukipiga *106# utaona ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Fanya hivyo leo, utashangaa.

Wa tatu ndiye anayenitisha zaidi, kwa kuwa huja na sura ya rafiki. "Weka laki, bonyeza matangazo kila siku, ingiza watu, vuna." Jina linabadilika tu. Mwaka 2009 ilikuwa DECI, watu wakaambiwa wanapanda mbegu. Mwaka 2022 ilikuwa Kalynda. Mwanzoni mwa 2025 ikawa LBL, na walioumia wengi ni vijana wenye simu nzuri na muda mwingi, yaani ninyi. Aliyekuingiza hakukutakia mabaya, naye aliingizwa. Lakini ukimwingiza mjomba wako na hela yake ya tumbaku, siku ikianguka utakaa naye wapi? Tamaa mbele, mauti nyuma.

Na mikopo ya kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mnajua zinavyofanya: unakopa kidogo, unachelewa, wanawapigia simu watu wote kwenye simu yako, hadi mchungaji. Ukiwa na shida ya elfu ishirini, nenda kwa dada yako, kwa kikundi, kwa jirani. Aibu ya kuomba ni ya dakika moja. Aibu ya hao jamaa haina mwisho.

Haya, tumekwisha kugombana. Sasa kazi.

Amka na mama. Simaanishi uamke kabla yake, amka naye tu, mshike jembe pamoja. Asubuhi ni ya shamba, kama ni msimu wa kupalilia mahindi, kuhamisha miche ya tumbaku au kuchimba muhogo. Najua ulisoma ili usishike jembe, na wazazi walijinyima kwa sababu hiyo. Lakini mwili uliochoka kwa kulima hulala usiku, na aliyelala usiku hafikirii yale mawazo meusi ya saa tisa. Mchana, jua likiwa kali na sola imejaa, ndipo ufungue laptopu. Na uifungue kwa ajili ya mtu.

Tazama unavyohitajika. Katikati ya kila mwaka Bodi ya Mikopo hufungua dirisha, na watoto wetu waliomaliza kidato cha sita wanahangaika: cheti cha kuzaliwa kithibitishwe RITA kwa mtandao, viambatisho viskaniwe, mdhamini asaini, fomu ipandishwe bila kosa. Mtoto wa mkulima hukosa mkopo kwa kuskani ukurasa mmoja kichwa chini. Wewe uliyezoea kuhakiki mamia ya kadi bila kukosea namba, hiyo kazi ni yako. Kuna wanaotaka kuomba ajira ya ualimu na afya, hawajui kwamba vyeti vinatakiwa vithibitishwe na mwanasheria na kwamba karatasi ya matokeo tu haikubaliwi. Kuna AMCOS za tumbaku ambazo sasa zinatakiwa kuweka hesabu kwenye mfumo wa vyama vya ushirika, MUVU, na katibu wake ana miaka sitini na miwani iliyovunjika mkono. Kuna wakulima wa kujisajili kwa mbolea ya ruzuku. Kuna vikundi vya VICOBA ambavyo daftari lao limechanika na kila Jumamosi wanagombania hisa za nani ni ngapi; jedwali moja la LibreOffice lingewarudishia amani.

Toza, usiogope. Toza bei ya kijijini, iandike ukutani, na usimtoze bibi anayetaka kusomewa meseji. Ukipata mwenzako mmoja au wawili walioachishwa kama wewe, unganeni, kwa sababu mmoja ana laptopu, mwingine ana printa, mwingine ana maneno mazuri kwa wateja. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chenye kazi inayoonekana husikilizwa kuliko kikundi chenye katiba tu. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, muulize taratibu, na kama atawazungusha mrudi wiki inayofuata mkiwa mmevaa vizuri na hamna hasira. Mtazungushwa kidogo, nakuambia mapema ili usikate tamaa.

Usiache kuomba kazi yako ya zamani pia. Mtu aliyefanya kazi kwenye data za afya bado anahitajika nchi hii, na nafasi zitakuja, labda Mpanda, labda mbali. Jipangie siku ya maombi, labda Jumatano, siku nyingine usifungue kabisa kurasa za ajira. Kuziangalia kila saa ni kujipiga kofi kila saa. Na ukiitwa kwenye usaili ukakosa, rudi shambani kesho yake kama kawaida, usijifungie tena. Najua mtajifungia mara moja moja. Si dhambi. Ila isizidi siku mbili, na siku ya tatu atoke mtu akubishie hodi. Mteue mtu huyo sasa hivi, mwambie, "Ukiona sijatoka siku mbili, njoo." Ile hali ya kuona hakuna maana ya kuishi ikikujia na isiondoke, usiite uvivu wala mapepo. Nenda kituo cha afya ukaongee, kwa wale wale uliofanya nao kazi. Wanakujua na watakupokea.

Nawe ambaye bado hujawaambia nyumbani, unayetuma hela ya akiba kila mwisho wa mwezi ili waone mshahara unaingia, nakuomba wewe kuliko wote. Hiyo akiba itaisha, na watagundua siku ambayo huna hata nauli ya kurudi. Mpigie baba leo jioni akishatoka shambani na kuoga, kabla ya chakula. Mwambie kazi imesimama tangu mwezi fulani, bado una afya, unakuja nyumbani, na unaomba kipande cha shamba cha kulima msimu huu.

Dada yako